Swali Lako Kuhusu Babu

Kicukiro, Jumapili alasiri

Mutoni mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Ndera kumuaga mama mdogo Epifania, na mimi nimetoka kanisani mbio ili nikuwahi, nikakuta mlango una kufuli. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani, miwani puani, nakuandikia. Kesho unaondoka. Sitaandika habari za sweta wala pasipoti wala chakula cha njiani, hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka umeanza kunikimbia. Hofu yangu ya mambo yanayosemwa redioni kuhusu huko uendako kusomea kilimo nimeshakwambia mara moja, na inatosha. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia kule Karagwe. Kinyarwanda changu kina adabu nyingi mno, na nikikitumia najua nitapata mahali pa kujificha.

Nataka kuzungumza nawe habari ya daftari.

Najua umekunja uso. Vumilia kidogo. Jambo hili nimelisimulia mara mbili mbele ya watu, na mara zote mbili nililisimulia vibaya. Safari hii nataka kulisimulia kwako, na nitalieleza toka mwanzo hata yale unayoyajua, maana sijui kama unajua kwamba na mimi nayajua.

Babu yako, baba yangu, alirudi nchini na ng'ombe zake mwaka ule tuliorudi wote kutoka uhamishoni, mauaji yalipokwisha, akajenga Ndera, na kabla hata nyumba haijaezekwa alikuwa ameshachukua watoto wanne waliobaki bila mtu. Epifania alikuwa mmoja wao. Aliwalisha, akawasomesha, akawaoza, kila mmoja akatoka pale na ng'ombe wake. Na hakuwahi kuokoka. Kila jioni alikuwa na kibuyu chake cha urwagwa, ile pombe ya ndizi, na kanisani alionekana kwenye harusi tu, tena alikaa karibu na mlango. Siku tulipomzika, mchungaji wetu alisema kwamba wema ni kitu kizuri, lakini hakuna anayeingia mbinguni kwa wema, ila kwa imani peke yake. Alisema kwa upole. Watu wakaitika amina. Na mimi, Mutoni, nikaitika amina, juu ya kaburi la baba yangu, udongo haujakauka.

Wewe hukuitika. Nilikuona.

Wiki mbili baadaye nikalikuta daftari lako chini ya godoro. Kwa mchungaji nilisema nililikuta nikigeuza godoro ili lipate hewa. Si kweli. Nililitafuta. Nilikuwa nimekuona ukiandika na kufunika kwa mkono, na unajua mama yako akiona kitu kimefunikwa hatulii. Nikasoma. Uliandika kwamba Babu aliwapa watoto wanne maisha, na kama yeye amepotea, na wewe umeokoka kwa kuwa uliinua mkono kanisani ukiwa na miaka kumi na miwili, basi humwelewi Mungu huyo, na hujui tena kama unamwamini.

Mtu mwenye akili angekaa chini akalia na mwanawe, maana swali lile lilikuwa langu pia, nililimeza pamoja na ile amina. Mimi nilishikwa na hofu. Nikaona naenda kukupoteza milele. Jioni ileile nikaenda kwa mchungaji na daftari kwenye mkoba. Jumapili iliyofuata nikasimama kuomba maombi kwa ajili ya "kijana wa nyumbani kwangu aliyeshambuliwa na roho ya mashaka", kana kwamba watu hawajui nina mtoto mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha nyimbo za kwaya nzima. Wakakwambia upumzike kwanza.

Baada ya miezi michache roho ilianza kunisuta. Wewe umekulia kwetu, unajua tunavyofanya mtu akisutwa: anasimama, anatoa ushuhuda. Nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe, nimetenda dhambi, nimepekua daftari la mwanangu, nimelitoa nje, na Bwana amenisamehe. Wakapiga makofi. Wakaimba. Kina mama wakaja kunikumbatia mmoja mmoja, na mimi nikalia kwa furaha, nikajisikia mwepesi kabisa. Wewe ulikuwa benchi la tatu kutoka nyuma. Wale wachache waliokuwa hawajui kwamba kulikuwa na daftari, sasa wakajua.

Nyumbani nikakwambia, "Mungu amenisamehe, mwanangu." Ukasema, "Sawa, mama." Huu ni mwaka wa tatu unaniambia sawa, mama. Nikuulize chakula, sawa, mama. Nikuulize habari za chuo, sawa, mama. Nilimzaa mtoto mbishi, aliyenipinga hata juu ya chumvi, na sasa nakaa na mgeni mwenye heshima.

Naomba uniamini hapa: sikuwa mnafiki. Niliamini kwa moyo wote kwamba jambo limekwisha. Nimefundishwa hivyo tangu utoto, kwamba ukitubu na kuamini umesafishwa, na aliyesafishwa harudi nyuma kuangalia alichokanyaga.

Aliyenivuruga ni Bwana Avneri. Unamkumbuka, yule Myahudi mzee mwenye mikono iliyopasukapasuka, aliyekuwa akija dukani kwangu kununua viungio vya mabomba kwa ajili ya mashamba ya umwagiliaji kule Bugesera. Alikaa Tanzania miaka mingi kabla ya kuja huku, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa watu wawili hapa mtaani Sonatubes tunaopenda kuongea Kiswahili kirefu. Najua ulidhani tunazungumza matone na mabomba. Mutoni, mwaka mzima nilikuwa namhoji mtu yule kama askari.

Ilianza hivi. Siku ya tatu kuja dukani nikamwuliza, kama tunavyoulizana sote hapa mjini, "Bwana Avneri, wewe umeokoka?"

Akageuka haraka akaangalia barabarani. "Kutoka kwa nini? Kuna gari?"

"Si gari. Kuokoka. Roho yako."

"Aa." Akavuta ndoo akaikalia. "Sijui, mama. Kwetu hakuna mtu aliniuliza hivyo hata siku moja."

Nilishangaa mpaka nikasahau kumrudishia chenji. Mtu wa taifa lenye manabii, mzee wa miaka sabini, hajaulizwa hata mara moja! Nikamwuliza basi wokovu kwao ni nini. Akafikiri. Akasema akisikia neno hilo anaona babu zake wakitolewa Misri, watu wote pamoja, na watoto, na mifugo, na unga mbichi begani kwa kuwa hawakupata muda wa kuoka. "Watu wengi, na miguu yao," alisema. Mimi nikisikia neno hilo najiona peke yangu: siku niliyookoka, saa niliyookoka, hata benchi naweza kukuonyesha. Sijawahi kufikiri kwamba watu wawili wanaweza kutumia neno moja, mmoja akawa anaona taifa zima njiani na mwingine akawa anaona benchi.

Ziara iliyofuata nilikuwa nimejitayarisha. "Lakini unaamini?"

"Siku nyingine naamini sana," alisema. "Siku nyingine siamini. Lakini kibarua wangu lazima nimlipe kabla ya jua kuzama, ile siku ya kuamini na ile siku ya kutoamini. Ni sheria. Mungu haningoji mpaka nijisikie vizuri."

Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Kwetu imani ndiyo mlango, ukiwa nje ya mlango hata ufanye nini uko nje. Na huyu ananiambia mlango hauzungumzwi sana, kinachozungumzwa ni kazi za ndani ya nyumba. Nikasema leo nimemkamata. Nikamwambia, "Kumbe ni kweli tulivyofundishwa. Ninyi mnanunua mbingu kwa matendo."

Hakukasirika. "Mama, binti yako anafagia ua?"

"Anafagia."

"Anafagia ili awe binti yako?"

"Jamani! Ni binti yangu tangu alipozaliwa."

"Basi. Na sisi tunafagia ua."

Akachukua viungio vyake akaenda zake. Miaka yote ile nilikuwa nikiwahurumia watu hao nikidhani wanahangaika kupanda ngazi isiyofika, kumbe wao wanajiona wamo ndani tayari, kwa ahadi ya zamani aliyopewa baba yao Ibrahimu, na amri wanazishika kwa kuwa ni watu wa nyumbani. Alinionya pia nisimchukue yeye kuwa ndiye Wayahudi wote. Alisema wapo kwao watakaoniambia kwamba yeye ni mvivu wa dini na asisikilizwe.

Usidhani nilikaa kimya nikimeza tu. Nilipigania upande wangu. Nilimsimulia alipokufa baba yako, wewe ukiwa bado unanyonya, nilivyolala kitandani majuma matatu siwezi kukuogesha, siwezi kuomba, siwezi hata kuchana nywele. Sikuwa na tendo hata moja la kumpa Mungu. Na kina mama wa kanisani wakaja, wakakuogesha, wakapika, wakakaa pembeni ya kitanda bila kuniuliza chochote, na ndipo nikaelewa kwamba ninapendwa kabla sijainuka. Nilimwambia, hiyo ndiyo neema. Hiyo ndiyo imani yangu, na siiachi kwa ajili ya mtu yeyote. Mtu akiwa amelala chini kabisa, umwambie akafagie ua?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hao kina mama walikujaje?"

"Kwa miguu. Kutoka Gikondo. Na mvua inanyesha."

"Basi imani yao ilikuwa na matope," akasema, na akatabasamu.

Nadhani mpaka leo hatukukubaliana. Mimi naona wale kina mama waliniletea habari kwamba nimekwisha kupokelewa. Yeye anaona walitimiza walichoamriwa, na kwamba kuamriwa kwenyewe ni upendo. Lakini sote wawili tulikuwa tunaangalia miguu ileile, na nilifurahi sana siku ile, kwa sababu nilikuwa sijabishana na mtu kwa raha namna hiyo tangu wewe uliponyamaza.

Ndipo nikatoa swali lako. Nikalitoa kama langu. Nikamsimulia Babu, ng'ombe zake, watoto wanne, urwagwa, kiti cha karibu na mlango. Nikamwuliza mtu kama huyo kwao anawekwa wapi.

Akasema kwao mtu mwema wa taifa lolote ana fungu lake katika ulimwengu ujao, wala halazimiki kuwa Myahudi.

"Kwa hiyo baba yangu yuko salama?"

"Mimi sina orodha, mama. Lakini ningeshangaa sana nikisikia mtu huyo ameachwa nje."

Nikajifanya natafuta utepe wa kuzuia maji kuvuja, nikaenda nyuma ya matangi, nikamlilia baba yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia bila kumwogopea.

Niliporudi akaniuliza kama swali lile ni langu kweli. Nikasema ni la binti yangu. "Alikuuliza?" Hapo mdomo wangu huu ukafunguka, nikamweleza yote, kuanzia daftari mpaka ushuhuda, na unajua nikisimulia nasimulia vizuri, nikamalizia na makofi na jinsi Bwana alivyonisamehe.

"Na binti alisema nini?"

"Alisema nini kuhusu nini?"

"Ulipomwomba msamaha."

"Niliomba kwa Mungu."

Akaweka kiungio mezani. Akasema wao wana siku moja ya mwaka ya kufunga na kutubu, siku kubwa kupita zote, na siku hiyo Mungu anasamehe yaliyo kati ya mtu na Mungu wake. Lakini yaliyo kati ya mtu na mtu, siku hiyo haiyagusi mpaka kwanza umwendee uliyemkosea. "Lile la binti," alisema, "Mungu halichukui. Anakurudisha kwa binti."

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwambia damu ya Yesu inafunika yote. Akasema, "Hayo siyajui, mama, sikubishii. Mimi nauliza habari za msichana tu." Nikamwambia viungio vya nusu inchi vimekwisha, na boksi lilikuwa wazi mbele ya macho yake.

Jioni ile nikafungua Maandiko nitafute mstari wa kumchapia. Nilichokutana nacho ni maneno ya Yesu mwenyewe, kwamba ukiwa umeleta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka palepale, uende kwanza ukapatane naye, ndipo urudi. Nayajua maneno hayo tangu shule ya Jumapili kule Karagwe. Nilikuwa nadhani yanawahusu watu wenye ugomvi wa mashamba. Na Yesu alikuwa Myahudi, Mutoni. Hilo nalo nalijua tangu utoto, na sikuwahi kukaa nikalifikiria hata dakika moja.

Tena si kwamba nilikosa watu wa kunifundisha hapa hapa nyumbani. Epifania aliwahi kunieleza habari za yule mtu aliyehusika na kifo cha wazazi wake, aliyetoa ushuhuda gerezani kwamba ameokoka na amesamehewa. Alipotoka akawa anapita mbele ya nyumba yake kila siku ya soko, anasalimia, anaendelea na safari. Epifania aliniambia, "Mungu alimusamehe, sawa. Sibishi. Lakini miye hajaniuliza." Siweki kosa langu kwenye mizani moja na la mtu yule, Mungu apishe mbali, na mimi niliyekuwa Karagwe miaka ile sina haki ya kufundisha mtu msamaha katika nchi hii. Ninachosema ni kwamba nilimsikia dada yangu akiniambia anangoja kuulizwa, nikamwonea huruma, nikapanda gari, nikarudi kwako hapa nyumbani, na haikunipitia kichwani.

Utaniuliza, kama uliyajua hayo tangu mwaka jana, mbona kimya? Ningekuwa nawe ungekwisha kuniuliza. Jibu ni aibu. Nilikununulia vile viatu vyeusi. Nilikupikia isombe siku tatu mfululizo mpaka ukaumwa tumbo. Nilikuacha ulale Jumapili asubuhi bila kukugongea mlango, nikadhani utaelewa. Kwanza nilijificha nyuma ya imani yangu, na niliposhtuliwa huko nikahamia nyuma ya matendo. Nimegundua yote mawili yana nafasi ya kutosha ya kumficha mtu mzima.

Leo asubuhi kanisani wakati wa sadaka ulifika. Bahasha ilikuwa mkononi. Nikakumbuka kwamba kesho saa kama hii utakuwa angani, na miguu ikasimama yenyewe. Nikaiacha bahasha kwenye kiti nikatoka. Mzee wa mlangoni akanifuata mpaka nje, anahema.

"Mama Mutoni! Iko bahasha umesahau kwa kiti!"

"Sijasahau."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Nina neno na mutoto wangu. Nitarudi."

Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. Nikachukua pikipiki mpaka hapa, kofia imenibana, nimetii Injili kwa mara ya kwanza bila mtu kunipigia makofi, na nikakuta kufuli. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Sasa nikujibu swali lako, maana nilikuibia bila kukujibu. Sijui, mwanangu. Bado naamini kwamba wokovu ni zawadi na kwamba Yesu ndiye aliyeileta. Nilipokuwa chini kabisa ndicho kilichoniinua, na siwezi kukana mkono ulioniinua. Lakini kama ni zawadi, basi si mimi ninayeigawa, wala si mchungaji. Ile amina niliyoitika kaburini kwa Babu nimeirudisha. Na wewe kama imani imekutoka, au imebaki nusu, au imebadilika ikawa kitu kisicho na jina, ni yako. Ukitaka kuniambia nitakaa chini nisikilize. Usipotaka, godoro lako sitaligusa.

Mimi nakuonea wivu unakokwenda. Utaishi kwao Bwana Avneri, kati ya watu wanaofanya mambo haya kila wiki, na mimi nimeyapata kwa mzee mmoja aliyekalia ndoo. Kama utapenda, niulizie. Hiyo siku yao ya kufunga inapokaribia, mama anamwendea mtoto wake kweli, au ni watoto tu wanaowaendea wakubwa? Na mtu ambaye hajaambiwa kwamba yamekwisha, kwamba amesafishwa moja kwa moja, anaishije na moyo wake? Wanachoka? Au kila mwaka wanapata pa kuanzia? Kubwa zaidi ni hili, na sikupata kumwuliza Bwana Avneri kabla hajarudi kwao: mtu akiwa amemkosea aliyekwisha kufa, anakwenda kwa nani? Nauliza kwa ajili ya Babu. Wakikujibu, niandikie kila neno, hata yale ambayo hukuyaelewa.

Nimeandika haya yote ili nipange maneno, kwa sababu nikianza kusema bila kupanga nitasimulia vizuri tena, na hicho ndicho ninachokiogopa. Barua si kuomba. Utaipata nikishakwambia kwa mdomo, utakapoingia, kabla hata hujaweka mkoba chini. Nitasema hivi: Nililitafuta daftari lako nikalisoma. Nikampelekea mtu mwingine. Nikakusema mbele ya kanisa mara mbili, na mara ya pili nikajipatia makofi kwa jina lako. Nimekukosea wewe, Mutoni. Nisamehe.

Kisha nitanyamaza, ingawa hujawahi kuniona nikifanya hivyo.

Huna deni la kunijibu leo kwa kuwa kesho kuna safari. Ukisema hapana, nitakusindikiza uwanja wa ndege vilevile na lile begi zito nitalibeba mimi. Siku ya mwisho aliyokuja dukani, Bwana Avneri aliniambia kwamba kwao mtu akikataa kukusamehe unamrudia mara ya pili, na mara ya tatu, na baada ya hapo huna lawama tena, unaweza kuacha. Nilimwambia hiyo ni sheria nzuri kwa majirani. Mimi ni mama yako, sitahesabu.

Anayekungoja hapa mlangoni,

Mama